Maji ya Cherangani na Nyumba Zetu za Mteremkoni

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetuagiza tuseme nanyi leo juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa katika taarifa zetu kama hesabu ya rambirambi tu. Mkifunua kurasa za Mtunza Hazina mtaliona: mablanketi, unga, mbao za majeneza, nauli ya waliokwenda kuzika. Hapana mahali palipoandikwa hata shilingi moja iliyotumika kabla ya maji kufika. Twaona haya kulisema mbele ya wazee, lakini ni kweli, nasi tumeona heri tuliseme wenyewe kuliko kungoja kuulizwa.

Chama hiki kina watu wa pande mbili za milima mimoja. Wako waliozaliwa mashariki ya Cherangani, katika Marakwet na Pokot, ambako nchi huanguka ghafula hadi Bonde la Kerio, zaidi ya mita 2,000 kutoka vilele vya juu hadi chini. Na wako waliozaliwa magharibi, ambako vijito vya Cherangani huungana na vile vya Mlima Elgon vikawa Mto Nzoia, mto upitao Webuye na Mumias, ukateremka hadi Bunyala na kumwagika katika Ziwa Viktoria. Basi mvua ile ile moja inyeshayo juu ya milima hiyo, sehemu yake humtisha mwenzetu wa Chesongoch kwa mawe na tope, na sehemu yake humtisha mwenzetu wa Budalang'i kwa maji yapandayo kimya kimya usiku. Tumezoea kuketi hapa kana kwamba hayo ni mashaka ya watu wawili wasiohusiana, na kila upande umelilia upande wake. Tangu leo twaomba yasemwe pamoja.

Wengi wenu mnakumbuka usiku wa tarehe 22 Novemba 1919 — tusameheni, ulimi umeteleza — wa mwaka 2019, mvua ilipomwagika bila kukoma juu ya Pokot Magharibi. Kulipopambazuka, mteremko ulikuwa umeteremka juu ya nyumba za Nyarkulian, Parua na vijiji vingine, na watu zaidi ya 40 walikuwa wamekufa, watoto wengi miongoni mwao. Madaraja yalichukuliwa, barabara zikakatika, na hata ndege za kuokoa zilizuiwa na hali ya hewa. Sisi tulikusanya mablanketi na unga kwa muda wa siku mbili, jambo ambalo tulijivunia. Gari letu lilifika mahali barabara ilipokuwa imekatika, likasimama. Tulisimama nalo, tukatazama tope upande wa pili, tukageuka. Vile vitu viliwafikia wenyewe baadaye sana kwa njia nyingine. Twalitaja hili si kwa kujilaumu bure, ila kwa sababu limetufundisha kwamba msaada utokao mjini hauwahi. Atakayemwokoa mtu wa mteremkoni usiku ule ni yeye mwenyewe na jirani yake.

Wala Nyarkulian si peke yake. Chesongoch, chini ya magenge ya Marakwet, ilipatwa na maporomoko yaliyoua watu mwaka 2010, ikapatwa tena 2012. Mwaka 2020 mafuriko yalizoa maduka ya sokoni. Na usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 ardhi iliporomoka tena katika Marakwet Mashariki, ikaua watu zaidi ya 20 na kuharibu nyumba nyingi mno. Aprili 2020 ilikuwa zamu ya Chesegon, mpakani mwa Pokot na Marakwet. Na upande wa Uganda wa Mlima Elgon, mwezi Machi 2010, kijiji cha Nametsi katika Bududa kilifukiwa jioni, pamoja na zahanati yake, na mamia ya watu hawakuonekana tena. Mtu akizitaja tarehe hizi moja moja, kila moja huonekana ni ajali. Akiziweka katika mstari mmoja, zaonekana kama kalenda.

Yafaa kwanza tujue mvua hizi hutoka wapi, maana tumesikia mengi yakisemwa mazishini. Mvua za vuli hapa kwetu hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi. Maji ya bahari upande wa Afrika yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mvuke mwingi huja kwetu, na mvua za Oktoba hadi Desemba hupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka ambao wazee walio hapa waliuona wakiwa vijana, Mto Tana ulipofurika na Ziwa Viktoria likaanza kupanda hata likazidi mita mbili kwa miaka michache. Ndivyo ilivyokuwa 1997, ikichanganyika na El Niño. Ndivyo ilivyokuwa 2019, bila El Niño ya kutajwa. Na tena 2023. Mabadiliko ya hali ya hewa duniani nayo yaongeza uzito, kwa kuwa hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi na huumwaga kwa mkupuo. Neno moja la faida latoka hapa: hali ya bahari hupimwa, na Idara ya Hali ya Hewa huweza kutabiri msimu wa namna hii wiki nyingi kabla. Mwaka 2019 hatukukosa habari. Tulikosa mtu wa kuichukua habari kutoka redioni na kuipeleka penye nyumba ya mwisho juu kilimani, na kusema, Baba, mwaka huu usilale hapa.

Sasa tuseme jinsi mlima unavyoanguka, kwa maana watu wengi hudhani ni ngurumo au tetemeko. Udongo wa mteremko umekaa juu ya mwamba kama mzigo juu ya mgongo wa punda. Hukaa kwa sababu chembe zake zimeshikana na kukwaruzana. Mvua ikinyesha siku moja ikakoma, maji hupita na udongo hukauka. Lakini mvua ikiendelea majuma matatu, nafasi zote ndogo katikati ya chembe hujaa maji. Maji hayo husukuma chembe zitengane, na wakati huo huo mzigo huzidi uzito. Fanyeni hesabu hii pamoja nasi. Milimita 25 za mvua juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 100,000, yaani mapipa 500 yale ya lita 200. Ni zaidi ya tani 100 za maji juu ya shamba la mtu mmoja kwa mvua ya alasiri moja. Sehemu yake huteremka mtoni, na sehemu huingia ardhini. Ikifika siku mwamba wa chini umelowa na kuteleza, basi mvua ya kawaida kabisa, ambayo mwanzo wa msimu isingemwamsha mtu, hutosha kuuangusha mlima.

Ndiyo maana twasema kwamba onyo la redio peke yake halitoshi. Idara inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, mara nyingi hutaja mvua ipitayo milimita 20 kwa saa 24. Mtu husikia hivyo akasema, mvua kama hiyo tumeiona mara mia. Kweli ameiona, lakini aliiona juu ya udongo mkavu. Swali la kujiuliza ni, imenyesha kiasi gani tangu mwezi ulipoandama? Kwa hiyo kila kijiji cha mteremkoni yafaa kiwe na kipimo cha mvua chake. Si kitu cha gharama. Mkebe wenye pande zilizonyooka, uliowekwa wazi mbali na miti na paa, pamoja na rula ya mwanafunzi, watosha kwa kuanzia. Usomwe kila siku saa tatu asubuhi na kuandikwa katika daftari. Walimu wetu wa shule waweza kuwapa watoto wa darasa la juu kazi hiyo, na kusema kweli watoto huifanya kwa uaminifu kuliko sisi.

Tena kuna jambo ambalo kila mtu wa Bonde la Kerio analijua bila kulifikiri. Nyumba nyingi, maduka na mashamba mazuri yamekaa chini ya magenge, pale mito inapotokea mlimani. Wazee wa kale walichagua hapo kwa akili: ndipo maji ya mifereji yao mashuhuri yafikapo, mifereji iliyochimbwa na koo za Wamarakwet karne kadhaa zilizopita na ambayo bado yanywesha mashamba mpaka leo, na huko chini bondeni kuna joto na malaria. Lakini ule udongo mzuri ulifikaje hapo? Uliletwa na maporomoko. Pale ambapo korongo hufungua mdomo wake, mawe na tope ya miaka elfu vimetandazwa kama kipepeo cha ukili, na juu ya kipepeo hicho tumejenga. Mkiona mawe makubwa kama ng'ombe yamesimama katikati ya shamba la mtama, wala hakuna mwamba wa namna hiyo karibu, jueni yalikuja kwa miguu yao wenyewe, na njia waliyopitia bado iko wazi.

Zamani nyumba zilikuwa chache, nazo zilitawanyika kwenye miinuko. Leo watu wameongezeka, soko limekua, barabara imepita chini, na kila mtu ataka kujenga karibu na barabara. Hapo ndipo tofauti ilipo. Korongo halikuhamia kwa watu.

Tumewauliza wazee na watu waliookoka ni dalili gani huonekana mapema, na waliyotuambia yapatana na yasemwayo na wataalamu. Ardhi hupasuka juu ya nyumba, ufa ukifuata mteremko kwa upana kama nusu duara, na kila siku wapanuka. Miti na nguzo za ua huinama. Mlango ambao jana ulifungika leo wakataa. Chemchemi yabubujika mahali ambapo hapakuwa na chemchemi, au maji ya kunywa yaliyokuwa meupe yageuka tope. Na dalili kubwa kuliko zote, ambayo huwadanganya watu: mvua inanyesha, lakini kijito kinapungua ghafula au kukauka. Mtu hufurahi akadhani hatari imepita. La! Huko juu ardhi imeangukia kijito na kukiziba, na maji yanakusanyika nyuma yake. Mtu aonaye hivyo asiteremke kuchungulia, wala asirudi nyumbani kuchukua godoro. Apige kelele, na wote watoke kwa upande, wapande kando ya korongo, wala wasikimbie kufuata korongo chini. Tope hukimbia kuliko mtu.

Ufa uliopasuka juu ya nyumba usizibwe kwa udongo tu na kusahauliwa, kama tulivyoona kwa jamaa mmoja ambaye hatumtaji. Kuuziba ili maji yasiingie ni vema, lakini nyumba ihamwe kwanza.

Tuje sasa upande wa Nzoia, ambako mambo ni mengine. Huko mto hauruki usiku mmoja kama tope la Marakwet. Ni mto mrefu, na maji ya milimani hayawezi kufika Bunyala kwa saa chache. Mtu wa juu akiona mto umejaa, mtu wa chini bado ana nafasi. Kisa cha Budalang'i ni kingo za udongo. Zilijengwa pande zote mbili za mto katika miaka ya 1970 na 1980, na watu wakapumua, wakajenga na kulima nyuma yake. Lakini Nzoia hubeba udongo mwingi kutoka mashamba ya juu, na mto ukifungwa katikati ya kingo hutua mzigo wake hapo hapo, na kitanda chake hupanda mwaka kwa mwaka. Ukingo uliokuwa mrefu wakati wa babu huwa mfupi wakati wa mjukuu, ijapokuwa hakuna aliyeupunguza. Tena wapo waliopunguza: ng'ombe huvuka juu yake kila siku wakaacha njia, panya na mchwa huchimba, na mwingine alichota udongo wa kufinyanga matofali kwa kuwa u karibu. Mahali padogo pa chini ndipo mto unapopitia. Ulipopasua mwaka 2003, na tena katika miaka iliyofuata, maelfu walilala juu ya kingo zile zile pamoja na kuku na mbuzi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pakavu.

Mtu aishiye nyuma ya ukingo anaweza kuwa katika hatari kuliko yule asiye na ukingo, maana asiye na ukingo huona maji yakija kidogo kidogo miguuni pake, na mwenzake huyapata yote mara moja. Hatusemi kingo zivunjwe. Twasema mtu asilale usingizi mzito kwa sababu yake.

Na hapa wanachama wa pande mbili wana neno la kuambiana. Mwenzetu alimaye mpaka ukingoni mwa kijito huko juu, udongo wake ndio unaopandisha kitanda cha mto huko Bunyala. Mtu wa juu hawezi kuwapelekea rambirambi watu wa chini huku akiwapelekea na tope. Sheria za maji za nchi hii, katika kanuni za mwaka 2007, ziliweka ukanda wa mita 6 kwa uchache na 30 kwa wingi kando ya mto, usilimwe wala kujengwa. Na kanuni za kilimo zakataza kulima mteremko upitao asilimia 35, yaani kupanda mita tatu na nusu kwa kila mita kumi za kwenda mbele, na ulio chini ya hapo hadi asilimia 12 walimwa kwa kinga ya udongo. Wengi wetu tunalima mahali ambapo mtu akiangusha kiazi hukiokota kwa jirani. Hatusemi haya ili mtu ashtakiwe. Mtu hulima genge kwa sababu hana kwingine.

Twajua pia neno matuta halipendezi masikioni mwa wazee wengine. Katika siku za ukoloni watu, na hasa akina mama, walitolewa kwa lazima kuchimba matuta, na katika Murang'a mwaka 1947 watu walikataa kazi hiyo waziwazi. Walikuwa na haki kukataa shuruti. Bahati mbaya ni kwamba katika sehemu nyingi jambo lililochukiwa kwa sababu ya kiboko liliachwa pamoja na kiboko chenyewe, na mvua haikuwa na habari na siasa yetu. Matuta ya kujichagulia, pamoja na nyasi za kushika udongo na mitaro ya kutoa maji taratibu, ni mali ya mwenye shamba. Lakini tuwe waangalifu: mahali ambapo mteremko wenyewe umeanza kupasuka, mtaro wa kukusanya maji ni hatari, kwa kuwa huyapeleka ndani ya ufa. Mahali hapo maji yaondolewe, yasikusanywe.

Vivyo hivyo juu ya miti. Husemwa kila mwaka katika mikutano kama hii kwamba tupande miti na mambo yatakwisha. Tupande, tena tupande ile ya asili yenye mizizi mirefu. Mizizi hushika udongo wa juu, na kilima kilichofyekwa huanza kulegea miaka michache baadaye, visiki vinapooza chini. Lakini poromoko kubwa hukata chini kuliko mizizi yote na kuubeba msitu ukiwa umesimama. Mche uliopandwa mwezi huu hautamwokoa mtu wa mvua zijazo.

Kuna jambo la barabarani tusilolisahau, maana wanachama wetu husafiri sana. Tarehe 4 Desemba 2021 basi liliingia katika maji ya Mto Enziu huko Kitui, likiwa na watu waliokwenda harusini, na zaidi ya 30 walikufa mbele ya macho ya waliosimama ng'ambo. Maji yaendayo kasi yafikayo kifundoni yaweza kumwangusha mtu mzima, na yafikayo magotini huweza kuelea na gari. Abiria ana haki kushuka. Mwanachama akishuka akachelewa mazishi, Chama hakitamtoza faini. Hilo Kamati imekwisha kulikubali.

Tena kule Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, watu zaidi ya 45 waliuawa na maji katika Kamuchiri. Kwanza ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, ambapo njia ya maji chini yake iliziba kwa mawe, miti na tope, hata yakapasua. Basi bwawa laweza kuwapo mahali ambapo hakuna aliyelijenga. Kila kalvati iliyoziba chini ya barabara ni bwawa linalongoja. Kazi ya kuzibua kalvati kabla ya mvua haihitaji mtaalamu, yahitaji majembe na siku moja ya Jumamosi.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, tufike kwenye neno gumu, ambalo limetugawanya sisi wenyewe katika Kamati kwa mikutano mitatu.

Kila mara Serikali na wataalamu husema: hameni. Ni rahisi kulisema mjini. Mzee ana kiunga, ana ng'ombe, na makaburi ya wazazi wake yako pale. Akihama, nani atamtambua shamba ni lake? Majirani zetu wa Bududa walihamishwa baada ya 2010 wakapelekwa Kiryandongo, mbali sana na kwao, kwenye nchi ya tambarare yenye hali nyingine. Baadhi yao walirudi mlimani. Walirudi wakijua vizuri kabisa kinachowangoja. Na huku kwetu, wako waliotolewa msituni Embobut, na malalamiko yao hayajakwisha. Kwa hiyo mtu wa Cherangani akisikia neno kuhama hasikii neno la kuokolewa. Twaelewa.

Lakini kati ya kuhama milele na kukaa milele kuna njia ya katikati, nayo ni kuhama kwa usiku. Maporomoko ya 2019 yalikuja usiku. Ya 2025 usiku. Maji ya Mai Mahiu kabla ya mapambazuko. Shamba laweza kubaki pale pale, na makaburi, na mifugo mchana. Bali watoto, wagonjwa na wazee walale mahali pa salama kwa yale majuma ambayo daftari la mvua limejaa. Koo zetu zilikuwa na nyumba za juu na za chini kwa majira mbalimbali, si jambo geni. Linalokosekana ni chumba cha kulala kwa jirani aliye mahali pazuri, mtu wa kukesha akiwa na kipenga, na mtu mmoja mwenye idhini ya kusema, leo tunatoka, bila kungoja kikao. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nani ataamua saa saba za usiku? Akikosea mara tatu watamcheka, na mara ya nne hawataondoka. Wengine katika Kamati walisema awe Mzee wa Kijiji. Wengine wakasema awe mwanamke, kwa kuwa yeye ndiye aamkaye mtoto anapolia na husikia mvua. Hatukukata shauri. Twaliacha kwa wenye kijiji, ila tumekubaliana kwamba akikosea asitozwe wala asichekwe, na kwamba watu wakitoka bure mara tatu Chama kitalipa chai ya asubuhi zote tatu.

Hoja iliyo mbele yenu ni kwamba robo ya Mfuko wa Mazishi itengwe iwe Mfuko wa Mvua, kwa kodi ya vyumba vya kulala wakati wa hatari, vipimo vya mvua, vipenga, taa, na kurekebisha kalvati. Wenzetu wawili wa Kamati wamepinga, nasi twaona ni haki mjue sababu zao. Wanasema mchango wa mazishi ni amana. Aliyelipa miaka ishirini apate jeneza la heshima hawezi kuambiwa fedha yake imenunua mkebe wa kupimia mvua. Wanasema pia kwamba watu wa tambarare na watu wa mjini, ambao si wachache, watalipia hatari isiyo yao. Hoja hizi si ndogo, wala hatukuzijibu kwa kupiga meza. Tulichojibu ni kwamba mwaka mmoja wa maporomoko hula Mfuko wa Mazishi kuliko miaka mingi ya vifo vya kawaida, na kwamba mwaka wa namna hiyo mwenye amana ya miaka ishirini huenda akakuta sanduku tupu vile vile.

Kura itapigwa baada ya taarifa ya Mtunza Hazina. Wanachama ambao nyumba zao ziko mdomoni mwa korongo, chini ya ufa, au nyuma ya kingo za Nzoia wanaombwa kuandikisha majina kwa Mwandishi wakati wa chai, pamoja na jina la jirani mmoja aliye mahali pa juu ambaye amekwisha kukubali kuwapokea. Asiye na jirani wa namna hiyo aandike hivyo hivyo, tutamtafutia kabla ya mvua za vuli.